Mgonjwa Haulizwi Uji: Chakula cha Mshipani kwa Mwenye Kisukari

(Hotuba iliyosomwa ukumbini jioni ya Siku ya Afya, katika wiki ya maadhimisho ya hekalu letu)



Nimepewa heshima ya kusema machache katika Siku ya Afya. Walionitangulia jukwaani ni madaktari. Mimi ni muuza nafaka kwa jumla, na elimu yangu ilikomea sekondari. Basi sitajifanya tabibu. Ila kwa miaka mingi nimekuwa katika kundi letu la seva linalozuru wagonjwa hospitalini kila Jumapili, na kuna jambo nimeliona likirudi tena na tena kando ya vitanda. Ndugu wa mgonjwa wa kisukari wanabishana juu ya chupa inayoning'inia. Mmoja anasema, "Itoeni, ina sukari hiyo, mtamwua." Mwingine anajibu, "Iacheni, hicho ndicho chakula chake." Wote wawili wanampenda mgonjwa, na wote wawili wanaweza kumdhuru. Kwa hiyo naomba tuielewe chupa hiyo kabla hatujasimama tena kando ya kitanda cha mtu.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiukimbilia mkojo wa mgonjwa. Hata neno hili sukari, ambalo Mswahili analitamka kama lake na ni lake kweli, lina chimbuko katika sharkara ya Kisanskriti. Lilipita Uajemi na Uarabuni ndipo likatua pwani yetu. Sisi wenye asili ya Bara Hindi tunaupata ugonjwa huu kwa wingi, tena hata mtu ambaye hakunenepa sana. Nao majirani zetu hawakusalimika, hasa katika miji ambamo tunakaa sana na kutembea kidogo. Kwa hiyo mgonjwa ninayemzungumzia yumo katika kila nyumba iliyowakilishwa ukumbini humu.

Wafanyabiashara wa pwani wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulifungue basi daftari la chupa.

Kwanza, si kila chupa ina sukari. Chupa ya maji ya chumvi haina sukari hata chembe moja. Ile ya maji ya sukari ya asilimia 5, ya ujazo wa lita moja, ina gramu 50 za glukosi. Kila gramu ya glukosi hiyo humpa mgonjwa kalori 3.4, kwa hiyo chupa nzima inampa kalori 170, kiasi cha vipande viwili vya mkate mkavu. Sasa tuangalie upande wa matumizi. Mgonjwa wa kilo 60 aliyelala wodini anahitaji kalori kati ya 1,500 na 1,800 kwa siku, pamoja na protini kiasi cha gramu 72 hadi 90, kwa kuwa mwili unaopambana na jeraha au homa hutumia protini nyingi. Akitundikiwa chupa tatu kutwa kucha, amepata kalori 510, ambayo ni takriban theluthi moja ya mahitaji yake au pungufu yake. Kwenye safu ya protini tunaandika sifuri.

Kwa siku mbili tatu mwili hustahimili. Siku zikizidi, unaanza kula mtaji wake. Unaivunja misuli, pamoja na ile inayomsaidia mgonjwa kupumua na kukohoa. Kidonda hakifungi, na kinga ya mwili inalegea. Nani kati yetu angeendesha duka kwa kula mtaji huku akijisifu kwamba mlango bado uko wazi? Anayesema kwamba maji ya sukari ndiyo chakula cha mgonjwa, daftari linamkatalia.

Lakini hata anayesema "itoeni" amekosea. Mwenye kisukari hahitaji kunyimwa sukari kabisa. Anahitaji sukari inayopimwa na insulini inayolingana nayo. Kuna wagonjwa ambao kongosho lao halitengenezi insulini tena. Hao wakikatiwa insulini kwa sababu tu hawali, damu yao hugeuka kuwa ya asidi na maisha yao huwa hatarini ndani ya muda mfupi. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: "Leo hakula, basi asichomwe sindano." Uamuzi huo ni wa daktari. Usifanywe na shangazi, wala mjomba, wala mfanyabiashara wa nafaka.

Sasa, mgonjwa asiyeweza kumeza alishweje? Madaktari wana kanuni moja nyepesi: utumbo ukifanya kazi, utumike. Kama tatizo ni kumeza tu, mpira mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni, na uji mwepesi au maziwa maalumu hupitishwa humo. Njia hii ni rahisi zaidi, ni salama zaidi, nao utumbo unabaki na afya kwa sababu una kazi ya kufanya. Ila kuna wakati utumbo wenyewe umeziba, umetoboka, umekatwa sehemu kubwa, au unavuja. Hapo ndipo chakula kamili hupelekwa moja kwa moja kwenye damu.

Kwa karne nyingi jambo hilo halikuwezekana. Chakula kizito kikipitishwa katika mshipa mdogo wa mkono, huuchoma na kuuziba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Arvid Wretlind, alifaulu kutengeneza mafuta yanayoweza kuingia katika damu bila kuleta madhara, akitumia mafuta ya soya na kiungo cha kuyachanganya na maji kinachotoka katika kiini cha yai. Mliosikia neno yai, subirini; nitalirudia. Kisha huko Philadelphia, Marekani, daktari wa upasuaji Stanley Dudrick na wenzake walipitisha mpira hadi katika mshipa mkubwa ulio karibu na moyo, ambamo damu ni nyingi na huzimua chakula mara kinapoingia. Walianza na watoto wa mbwa, wakaona wanakua kama wenzao wanaokula kwa kinywa. Wakamsaidia mtoto mchanga ambaye utumbo wake haukufaa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1968, na tangu hapo imejulikana kwamba binadamu anaweza kuishi kwa muda mrefu bila kupitisha kitu kinywani.

Tufungue tena daftari, safari hii la mfuko wa chakula kamili. Tuseme ni siku za mwanzo za yule mgonjwa wetu wa kilo 60 mwenye kisukari. Madaktari huanza na sukari kidogo, tuseme gramu 150, ambazo ni kalori 510. Huongeza asidi amino, ambazo ni matofali ya protini, gramu 80, sawa na kalori 320. Huongeza mafuta, mililita 250 za mchanganyiko wa asilimia 20, takriban kalori 500. Jumla ni kalori 1,330, pamoja na vitamini na madini. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Gramu 150 za sukari ndizo zile zile zilizokuwamo katika chupa zetu tatu za maji ya sukari. Sukari haikuongezeka, bali chakula kimezidi mara mbili na nusu, na safu ya protini haisomi tena sifuri. Anayeuogopa mfuko huu kwa sababu ya sukari tu hajasoma mistari mingine.

Katika mfuko huo huo mfamasia aweza kutia insulini, mara nyingi uniti moja kwa kila gramu kumi za sukari kwa kuanzia, kisha kipimo hurekebishwa kadiri sukari ya damu inavyosoma. Faida yake ni kwamba mfuko ukisimama, sukari na insulini husimama pamoja. Hatari hutokea pale insulini imechomwa chini ya ngozi, halafu mfuko ukaisha, mpira ukaziba, au umeme ukakatika na pampu ikanyamaza. Insulini inaendelea kufanya kazi na sukari haiingii. Mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, huongea yasiyoeleweka, kisha hupoteza fahamu. Kwa hiyo ndugu unayelinda kitanda usiku, ukiona mfuko umesimama, usingoje asubuhi na usiguse kitu. Mwite muuguzi hapo hapo.

Je, sukari ya mgonjwa mahututi iwe ngapi? Hili nalo lina historia yenye funzo. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya wagonjwa 1,548, wengi wao wa upasuaji. Walioshushiwa sukari hadi kiwango cha mtu mzima wa afya walikufa kwa uchache: asilimia 4.6 katika chumba cha mahututi, ikilinganishwa na asilimia 8 ya wenzao. Dunia ikafurahi, na hospitali nyingi zikaanza kuibana sukari. Mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 6,104 nchini Australia, New Zealand na kwingineko, ukaonyesha kinyume: kati ya waliobanwa sana walikufa asilimia 27.5, na kati ya walioachiwa nafasi kidogo walikufa asilimia 24.9. Kuibana sana sukari huleta hatari ya kuishusha mno. Ndiyo maana leo kwa wagonjwa wengi mahututi madaktari hulenga kati ya 7.8 na 10. Ukiona mashine imeandika 9 wodini, usimgombeze muuguzi.

Hatari nyingine ni mbili. Mpira unaokaa karibu na moyo ni mlango wa vijidudu, na damu yenye sukari nyingi huzidisha maambukizi. Kwa hiyo asiyekuwa mhudumu asiushike, hata kwa nia ya kuunyoosha. Ya pili ni ya mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula. Akilishwa ghafla kwa wingi, madini ya fosfati, potasiamu na magnesi hushuka katika damu, na moyo unaweza kusimama. Madaktari huanza kidogo kidogo kwa sababu hiyo, wala si kwa ubahili. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa narudi kwenye yai. Miaka kadhaa iliyopita bhabhi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alipasuliwa baada ya utumbo kujisokota. Alikuwa ameishi na kisukari kwa miaka ishirini. Utumbo haukuamka haraka kama ilivyotarajiwa, na madaktari wakaamua alishwe kwa mshipa. Daktari bingwa, mama mwenye subira nyingi, alijua sisi ni watu tusiokula nyama wala mayai. Akatuita, akasema bila kuficha kwamba ndani ya mafuta ya mfuko mna kiungo kilichotoka katika kiini cha yai. Bhabhi hakuwahi kuonja yai maishani mwake.

Kaka yangu akasema, "Basi toeni mafuta." Daktari akachukua kalamu. Ukitoa mafuta, umetoa kalori 500. Ukitaka kuzirudisha kwa sukari, utaongeza karibu gramu 147, yaani karibu mara mbili ya sukari iliyomo, kwa mtu ambaye sukari yake tayari inapanda. Tena kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, na yakikosekana kwa majuma kadhaa ngozi na damu huonyesha upungufu. Tulisimama pale ukumbini mwa wodi, kila mmoja akiwa na neno lake. Mzee mmoja wa ukoo akashauri tumfiche: awekewe, asiambiwe. Daktari akakataa. "Ana akili zake timamu," alisema. "Ataulizwa yeye."

Akaulizwa. Akanyamaza kwa muda, kisha akaomba apewe hadi asubuhi, na apigiwe simu Maharaj wa wakati ule. Maharaj hakumwamulia. Alimwambia tu kwamba mwili ni amana na kuutunza ni wajibu, na kwamba lolote atakaloamua, hekalu litamwombea vile vile. Asubuhi bhabhi akatuambia, "Wekeni. Sikukitamani wala sitakionja. Ni dawa." Alilishwa kwa mfuko siku kumi na mbili. Siku ya nne sukari ilipanda hadi 16, wakaongeza insulini, ikatulia. Siku ya kumi na tatu alikunywa maji ya choroko kwa kijiko. Aliishi miaka tisa zaidi.

Simulizi hii sikuileta ili niwafundishe watu wa dini yoyote wale nini. Mwingine katika hali ile angeweza kuamua tofauti, na ingekuwa haki yake. Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba zamani insulini yenyewe ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mhindu alikuwa na swali lake, Mwislamu alikuwa na lake, na wote wawili walikuwa wanaumwa. Kuanzia mwaka 1982 insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na vijidudu maalumu iliidhinishwa, na swali hilo likapungua makali. La mafuta ya mshipani bado lipo. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, maana yake mwenye huruma hasubiri kuombwa. Huupika na kuuleta. Ni methali njema. Lakini uji unaopita mshipani una mambo mengi ndani yake, na mwenye akili timamu lazima aulizwe. Asiyeweza kusema, aulizwe yule anayeyajua matakwa yake.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili ya nyumbani na moja la hekalu.

La kwanza, kila mwenye kisukari awe na kadi ndogo katika pochi: aina ya insulini au vidonge, kipimo chake, na vyakula asivyovikubali. Siku ya ajali hakuna muda wa kutafuta vyeti kabatini.

La pili, mkiwa wodini, ulizeni kwa adabu maswali haya: Chupa hii ni ya nini, ya maji au ya chakula? Utumbo wake hauwezi kutumika? Sukari inapimwa kila baada ya saa ngapi? Insulini inapitia wapi, na mfuko ukisimama kutafanyika nini? Ni lini ataanza tena kula kwa kinywa? Daktari mzuri hachukizwi na swali lililoulizwa kwa heshima.

La tatu linahitaji uamuzi wa mkutano wetu mkuu, na najua halitawapendeza wote. Kila Diwali tunapeleka wodini masanduku ya mithai. Ni desturi ya waasisi wetu, nami nimeyabeba masanduku hayo kwa mikono yangu. Lakini laddu haijui ni nani ana kisukari, wala ni nani aliyekatazwa kula kabla ya upasuaji. Wakati huo huo, katika wodi tulizozuru, tumeona ndugu wakitumwa nje kununua stripu za kupimia sukari kwa kuwa zimekwisha. Insulini bila kipimo ni sawa na kuuza dukani usiku bila taa.

Napendekeza fedha za mithai ya wodini zinunue stripu na mashine za kupimia, zikabidhiwe kwa muuguzi mkuu kwa maandishi, na zitumike kwa mgonjwa yeyote bila kuuliza dini yake. Prasad tutaendelea kuipeleka kwa wanaoruhusiwa kula. Wasioruhusiwa wataigusisha kwenye paji la uso kwa heshima, na ndugu zao wataila kwa niaba yao. Wapo watakaosema tunavunja desturi. Nawajibu kwa unyenyekevu: waasisi wetu walipeleka tamu kwa sababu wakati ule wagonjwa wengi walikuwa na njaa. Walitazama haja ya mgonjwa, wakaijibu. Desturi waliyotuachia ni ile ya kutazama.

Daftari la michango limewekwa mezani karibu na mlango wa ukumbi, na Mweka Hazina yupo. Majirani zetu pia mnakaribishwa kuandika, kwa kuwa wodi ni yetu sote.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na awape nguvu wanaowauguza.